Mtoro wa Bi Kengele

Bi Kengele hakuwa na kengele yoyote. Jina hilo alibandikwa na watoto, maana akichungulia kona moja ya mtaa, walioko kona ya pili walikuwa wameshachomoka mbio kuelekea shuleni. Yeye ndiye aliyekabidhiwa sheria ndogo ya mji kuhusu utoro: mtoto asipofika shule bila sababu, mzazi anaitwa mbele ya hakimu, na hakimu akikunja uso, mzazi analala mahabusu. Sheria kali, ndiyo, lakini mwenyewe alikuwa mkali kuipita, tena akiona fahari.

Utaalamu wake ulikuwa kamba za nguo. Hakupoteza pumzi kubishana na wazazi. Alingoja masomo yaanze, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kupapasa sare zilizoanikwa. Sare kavu saa za shule, alisema, mwenye nayo yumo ndani amejikunyata. Mara nyingi alipatia. Ndiyo maana majirani walimpa shikamoo ya haraka haraka, kisha wakafunga mdomo na mlango.

Basi asubuhi moja akafika kwa mshona mashuka, mama wa binti mmoja tu, ambaye hakuwa ameonekana darasani tangu shule zifunguliwe. Sketi na blauzi zilikuwa kambani, kavu kabisa.

"Binti yuko wapi, mama?"

"Yuko shule."

"Usinifanye mtoto mdogo! Mwalimu wao mpya anaita jina lake kila siku, haitikii mtu."

"Yuko shule," mama akarudia, na kuendelea kukunja mashuka.

Mbele ya hakimu jibu lilikuwa hilo hilo. Hakimu akaona anachezewa, akaamuru mama akae ndani mpaka mtoto aletwe. Bi Kengele akarudi mtaani kifua mbele kumsaka mtoro wake. Akaanza na fundi viatu, aliyepakana ukuta kwa ukuta na nyumba ile.

"Mtoto mmemficha wapi?"

Fundi akaweka sindano chini. "Mtoto gani tena, mama? Yule tulimzika wakati wa likizo. Homa tu, siku mbili, akaondoka."

"Na hizo sare?"

"Mama yake anazifua. Tumeamua tusimtaje marehemu mbele yake, tusije tukamtonesha kidonda."

"Sasa mbona hamkuniambia mimi?"

"Nani angekuambia? Wewe ukitokea tunajifungia."

Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu hofu, kwa sababu vidole vyake vilikumbuka kitambaa kile. Alikuwa amepapasa nguo ya maiti akifurahi kwamba ni kavu.

Alikimbia mahakamani kama mwizi. Hakimu alimsikiliza, akavua miwani, akafuta kesi. Mshona mashuka akatolewa, akasimama koridoni akijifunga kanga vizuri.

"Nisamehe, dada yangu," Bi Kengele alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Sikujua. Wallahi sikujua."

"Nikusamehe nini? Tangu tumzike, mtaa mzima hakuna anayemtaja. Ndugu zangu wenyewe wakija kuniona wanaongea habari za mvua. Ni wewe peke yako uliyebisha hodi ukamuulizia mwanangu." Akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Kesho utakuja kumuulizia tena?"

Bi Kengele alitaka kusema hapana. Kila kiungo chake kilitaka kusema hapana.

Alikwenda. Hata leo anakwenda, ingawa kazi ile ameshaiacha na sheria wanasimamia wengine. Anabisha hodi, anauliza binti yuko wapi, anajibiwa. Halafu miguu inampeleka mpaka kwenye geti la shule, naye anasimama pale kutazama watoto wakitoka, na haondoki mpaka mlinzi amhakikishie kwamba ndani hakuna aliyebaki.