Mshale Inacheza, Watu Wako Ngomani

Saa tatu asubuhi, sokoni Kahama, Bujiku anashuka kwenye baiskeli, anaweka bomba lake la bati mdomoni na kupaza sauti: "Jumamosi hii, Mshale na vijana wa Maganzo! Njooni mshuhudie soka!"

"Wangaluka, Baba Mbuke," muuza mchele mmoja anamsalimu. "Hilo soka litachezwa na nani?"

Soko zima linaangua kicheko. Bujiku naye anacheka, maana hana namna, kisha anasukuma baiskeli kuelekea stendi ya mabasi, kwenda kuchekwa tena.

Kwa miaka kadhaa sasa hiyo ndiyo kazi yake: kuwaita watu wa Kahama uwanjani. Ujira ni shilingi chache kila mechi, pamoja na kukabidhiwa baiskeli ya klabu. Na baiskeli mwaka huu wa 1983, jamani, si kitu cha mchezo, madukani hazionekani. Hiyohiyo ndiyo mkewe, Limi, anayopakia mpunga kwenda mashineni.

Lakini Mshale imefungwa msimu mzima, na siku hizi watazamaji ni wachache kuliko wachezaji. Kulikoni?

"Hawa ni ndugu zangu, nawajua," anasema Bujiku. "Kwenye mashindano yetu ya ngoma, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja. Ukiona hili linapwaya, unahamia lile. Lenye watu wengi ndilo limeshinda. Hakuna refa, hakuna rufaa. Sasa wamekuja mpirani na sheria hizohizo. Wameona Mshale inapwaya, wakahama."

Wamehamia ng'ambo ya barabara tu, ambako kila Jumamosi tangu mavuno yaishe, manju Mageni, kiongozi wa ngoma, anacheza na chatu shingoni.

Bujiku hakukubali kushindwa. Mwezi uliopita alimwomba Mageni acheze uwanjani wakati wa mapumziko. Lo! Watu walifurika, wengine wakapanda ukutani. Mwenyekiti wa klabu, Theonest, alimkumbatia Bujiku mbele ya kadamnasi.

Furaha ikaishia hapo. Timu ziliporudi, watu walizizomea: "Tokeni, mnatuziba!" Mageni alipotoka na ngoma zake, uwanja mzima ukamfuata. Kipa wa Mshale, Donatus, alikuwa angali amegeukia huko, anatikisa mabega, mpira ulipompita.

"Akaniuliza, 'Mzee Bujiku, kafunga nani?'" anasimulia Bujiku, akijifuta machozi ya kicheko. "Nikamwambia hata mimi sikuona, nilikuwa namtazama chatu."

Theonest hakucheka. Ametamka wazi kwamba Jumamosi hii watu wasipokaa hadi filimbi ya mwisho, Bujiku arudishe baiskeli.

"Kwani mume wangu ndiye anayekosa magoli?" Limi anafoka kutoka jikoni, Bujiku akiwa amesharudi nyumbani. "Wafungwe wao, tunyang'anywe sisi!"

Bujiku anaitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na kwa mara ya kwanza leo hacheki. Anaogopa, wala hafichi. Hata hivyo ana mpango, na Mageni ameshaukubali: safari hii ngoma haitasubiri mapumziko. Itapigwa mchezo mzima, nyuma ya goli la wageni, na timu zikibadilishana magoli, nayo itahama.

"Watu watabaki kwa ajili ya chatu," anasema. "Na washambuliaji wetu nao wanapenda ngoma. Huenda safari hii wakafika golini."