Doa la Kijani la Bi Swaumu

Pale Kibiti, ukiuliza kwa Fundi Mahamudu, watu watakuonyesha huku wanacheka. Ndiye aliyebaki akitengeneza televisheni za chogo, wakati wenzake wote wamehamia kwenye za bapa. Mkewe aliondoka zamani, akisema hawezi kulala chumba kimoja na mizoga. Mimi jirani yake humtania kwamba anasubiri kiyama zifufuke. Hacheki. Hana wa kucheka naye, na hilo huniuma kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwaka jana aliitwa kazini kijiji cha Mbuchi, huko delta, akapanda boti na mkoba wake. Haya alinisimulia mwenyewe, mara moja tu.

Aliyemwita ni Bi Swaumu, mjane. Mumewe, Mzee Haruni, alipofariki, televisheni ilizimwa, ikafunikwa kanga, na juu yake pakawekwa spika kubwa iliyosoma Kurani eda nzima. Eda ilipokwisha wakaiwasha. Upande mmoja wa kioo palikuwa na doa la kijani, na kila uso uliopita pale ulipinda na kubadilika rangi.

Majirani nao hawana dogo. Wakasema marehemu hajapumzika. Bi Swaumu akawa halali kwa hofu. Akafunga, akatoa sadaka, doa halikwenda. Hata hivyo kila jioni alikaa mbele yake, akilisimulia habari za mpunga na za wajukuu.

"Niambie kweli, mwanangu," alimwambia fundi. "Mume wangu anateseka?"

Mahamudu akaishika ile spika, akaigeuza. Nyuma ilikuwa wazi, na sumaku yake nene kama kitumbua.

"Bi mkubwa, humu ndani mna chembe za umeme, ndogo hazionekani. Zinatoka huku kwenye chogo, zinakimbia kwenda kugonga kioo. Kila moja ikigonga mahali pake, rangi inakuwa sawa. Sumaku haizisimamishi wala haiziongezi mwendo, inazipindisha njia tu, zikagonga kwa jirani. Spika imekaa juu eda nzima, bati la ndani nalo limeshika usumaku. Ndiyo hilo doa."

"Kwa hiyo yeye hayumo?"

"Hayumo, wallahi. Mzee amelala zake."

Bi Swaumu akamshukuru Mungu kwa sauti, akamwambia alifute. Fundi akachomeka kwenye umeme koili yake kubwa, duara la nyaya la kuondolea usumaku, akaizungusha mbele ya kioo, akarudi nyuma polepole mpaka mlangoni, ndipo akaizima. Doa likanywea, likatoweka. Msoma habari akapata uso wake mzima.

Bibi alitazama upande ule, safi kabisa, kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha furaha. Mahamudu alisimama na koili mkononi, hajui aiweke wapi. Yeye mwenyewe asubuhi huyasalimu mafriji na maredio mabovu yaliyomjaa chumbani, kwa hiyo alielewa upesi alichokuwa amekifanya. Aliniambia alijichukia pale pale, ingawa hakuwa amekosea.

"Bi mkubwa," akasema, "naweza kulirudisha. Ni kuiegemeza sumaku kidogo tu, wala halidhuru."

Bi Swaumu akafuta macho kwa ncha ya kanga, akatikisa kichwa.

"Hata ukilirudisha, mwanangu, nimeshajua hayumo."