Kahawa ya Wageni, Maji ya Bondeni

Sisi tunalima kahawa na tunakunywa chai. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka. Mimi sijaona cha kuchekesha. Buni tunaichuma, tunaimenya, tunaivundika, halafu tunaiosha na kuiosha mpaka ule utelezi wote utoke, ndipo ianikwe na kwenda kuuzwa. Kuosha kunataka maji. Maji yako bondeni, na bondeni anashuka mwanamke. Mwanamume akionekana na ndoo kichwani, watu watauliza mkewe anaumwa nini.

Kwa hiyo niliposikia wataalamu wanakuja kuamua kama bomba litaletwa kijijini kwetu au litapelekwa kijiji cha ng'ambo ya pili, nilifurahi kama mjinga. Mwanangu alikuwa bado wa mgongoni, tena mzito, na kile kilima kinateleza hata wakati wa kiangazi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mdogo wake baba mkwe wangu, nikamwomba siku hiyo nami niseme na wageni. Kiingereza ninacho. Nilifika kidato cha nne kwa masista, sikwenda kule kufuga nywele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Kusema tutasema sisi kamati. Wewe umesoma kwa masista, utawapikia kahawa. Kavu, bila maziwa. Usituaibishe."

Hayo ndiyo yalikuwa matunda ya elimu yangu. Kwenye kamati ya maji hakukuwa na mwanamke hata wa dawa. Walikuwa wanaume watupu, na sidhani kama kuna aliyejua kisima kina mawe au kina tope.

Kisha likaja jambo lililonimaliza kabisa. Siku moja kabla ya wageni kufika, mbiu ilipita kwamba wanawake wote wa nyumba za chini wajaze mapipa yaliyopangwa nyuma ya ofisi ya kijiji, na uwanja unyunyiziwe maji ili vumbi lisipande. Hata maua yaliyopandwa kwenye makopo yalitakiwa yanyweshwe. Tukashuka na kupanda mpaka shingo zikaingia mabegani. Nilipotua ndoo ya mwisho nilimkuta mwenyekiti akitazama mapipa yake na kutabasamu.

"Baba," nikamwambia, "wakikuta mapipa yamejaa hivi, si watauliza tunataka bomba la nini?"

"Mkwe, mgeni unampokea kwa kumlilia shida? Huko shuleni adabu hamkufundishwa?"

Nikanyamaza, kwa sababu ni baba mkwe. Lakini nilinyamaza kwa kelele.

Asubuhi nikakaanga kahawa kwenye chungu, huku mama mkwe amekaa mlangoni akiona uchungu kama naunguza nguo zake.

"Mali ya kuuza hiyo, unaitia moto?"

"Ndiyo wanavyokunywa, mama."

"Nyeusi hivyo? Watie hata maziwa kidogo, maskini. Wametoka mbali."

Nikatwanga, nikapeleka vyombo jiko la ofisini, mtoto mgongoni. Walifika watatu kwenye Landirova. Mmoja Mswidi mrefu, aliyeingia ofisini kwa kuinama. Wa pili Mtaliano mfupi, mwenye begi asilotaka mtu alishike. Wa tatu bwana wa ofisi ya maji kutoka Tanga, aliyekuja kuwafasiria. Wazee wakawasalimu kwa kilugha chetu, "Onga mshi," nao wakaitikia vibaya, kila mtu akafurahi.

Mimi nilikuwa nimepika kwa njia ya masista, yaani kumimina maji ya moto polepole juu ya unga wa kahawa kwenye kitambaa, ikichuruzika chini safi kama chai. Mtaliano alionja, akanitazama kwa huruma. Akafungua begi lake. Hamkutoka ramani humo, kilitoka kibirika cha bati chenye ghorofa. Maji unaweka chini, kahawa katikati, moto ukiwaka mvuke unasukuma kahawa ipande ghorofani ikinguruma. Baada ya kelele zote hizo inapatikana kahawa ya kulowesha ulimi tu.

Mswidi akasema kwao haichujwi. Unachemsha maji sufuriani, unamwaga kahawa humo humo, unaiacha itokote, unaepua, unanyunyizia maji baridi kidogo ili machicha yazame. Bwana wa Tanga naye hakukubali kushindwa.

"Dada, hayo ni maji ya kuoshea dele la kahawa. Kahawa haina tangawizi? Tena kikombe kidogo, kikishanywewa kinasuuzwa, ndipo unamtilia mwingine."

Watu wazima watatu, na jiko moja la mafiga. Nikarudi jikoni nikisonya.

Dirisha la jiko linatazama ofisini. Nikamsikia Mswidi akiuliza hali ya maji ikoje, na bwana wa Tanga akafasiri. Mwenyekiti wetu akasimama, akavuta koti.

"Waambie hatujambo. Maji tunayo, mapipa hayo hapo nje. Kijiji chetu hakina manung'uniko."

Mswidi akageuka, akayatazama mapipa, akatikisa kichwa kukubali. Kule kutikisa kichwa ndiko kulikonikata maini. Niliona bomba likipanda mlima wa ng'ambo, likituacha.

Basi nikaamua kila mtu atapata kahawa ya kwao. Nikamchemshia Mswidi sufuria kubwa. Kibirika cha Mtaliano nikakipika, nikakisuuza kila ghorofa, nikapika tena. Bwana wa Tanga nikamtengenezea ya tangawizi, na vikombe nikavisuuza kama vya wagonjwa. Mswidi akasimulia kwamba amewahi kuishi Uhabeshi, na kule mwanamke huikaanga mbele ya wageni, kisha huipika duru ya kwanza, ya pili na ya tatu, na si adabu kuondoka kabla ya ya tatu.

"Hata sisi ndivyo!" akadakia mwenyekiti, ambaye maisha yake yote hajanywa kahawa. "Mkwe! Duru nyingine!"

Nikapika duru nyingine. Nikafua kitambaa. Nikasugua masufuria nje na ndani. Maji yaliyobaki nikawanywesha ng'ombe wa jirani, nao walikuwa na kiu kweli.

"Mkwe! Ile ya tatu!"

Nikatoka jikoni, nikasimama mlangoni mwa ofisi.

"Maji yamekwisha, baba."

"Chota kwenye mapipa."

"Mapipa ndiyo yamekwisha."

Kamati nzima ikanitazama. Mwenyekiti akacheka kicheko cha meno tu. "Anatania huyu. Sasa ongeza basi, mkwe, ongeza."

Hapo nikamgeukia Mswidi, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha masista kwamba yale maji tuliyabeba jana kichwani kwa ajili yake, kwamba kama anataka kahawa ya tatu tutashuka kuyafuata, na kwamba anakaribishwa sana kuja.

"Amesema nini?" mwenyekiti akauliza.

Bwana wa Tanga alikohoa. "Anawakaribisha wageni kisimani."

Tukashuka. Viatu vya Mtaliano vilimfikisha chini kabla yetu, akiwa amekaa. Mswidi alinyang'anya ndoo yangu kwa uungwana, akaijaza, akajaribu kupanda nayo. Katikati ya kilima ilikuwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa kwenye suruali yake. Akakaa juu ya jiwe akihema.

"Na hii ni ya kahawa?" akauliza.

"Ya kahawa tu. Ya kupikia bado, ya kufulia bado."

Akamtazama mtoto mgongoni mwangu, akamtazama mwenyekiti aliyekuwa akishuka mikono mitupu.

Kabla ya kuondoka walipigilia vigingi vya bomba kutoka chemchemi ya juu mpaka nyumba za chini. Mwenyekiti alikuwa mbele, akinyoosha kidole hapa pigeni, na pale pigeni, kama aliyeota mambo hayo miaka mingi. Aliponipita alininong'oneza, "Umetuvua nguo mbele ya watu."

Mtoto alikuwa amejaa matope mpaka masikioni, na maji ya kumwogesha sikuwa nayo. Nikachukua ndoo nikashuka tena.