Ersilia na Damu ya Fabi

Ersilia Cecchini aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na kabla mchuzi wa harusi haujapoa alikuwa ameshatambulishwa kwa wafu wa mumewe. Walikuwa mia tatu na sita. Quintilio Fabi alisimama mbele ya wageni na glasi ya divai mkononi, akasimulia jinsi ukoo wa Fabi wa Roma ya kale ulivyotoka siku moja kwenda vitani, wanaume mia tatu na sita, wakauawa wote kando ya mto, akabaki nyumbani mtoto mmoja tu wa kiume ambaye hajafikia umri wa kushika mkuki. Kutokana na mtoto huyo, baada ya miaka elfu mbili na mia nne, ndipo alipopatikana yeye Quintilio. Watu wa Montelavico walipiga makofi, na bibi harusi naye akapiga, maana alikuwa bado mgeni wa mambo hayo. Kufikia mwaka wa pili wa ndoa alikuwa akiwaza kwamba maadui wa siku ile walikuwa wavivu. Mtoto mmoja zaidi angewagharimu nini?

Tusimsingizie mtu. Quintilio hakuwa mlevi, hakupiga mke, hakukimbizana na wanawake. Alikuwa mtu bure tu. Alikuwa tarishi wa ofisi ya mji, kazi yake kupeleka karatasi za kodi nyumba kwa nyumba, na aliifanya kwa mwendo wa jemadari, kifua mbele, kofia imepigwa brashi na mkewe. Jembe hakushika. Kuni hakupasua, kwa sababu mkono wa Fabi, alisema, haukuumbwa kwa ajili ya shoka. Kwamba uliumbwa kwa ajili ya uma, hilo halikuwa na ubishi.

Aliyeilisha nyumba ni Ersilia. Alikuwa na tanuri la mji, lile la chini ya kanisa, ambako kila nyumba ilileta mikate yake ya wiki kuokwa, na kila mkate umepigwa muhuri wa mbao wa nyumba yake ili isichanganyike. Wengine muhuri wao ulikuwa msalaba, wengine herufi mbili, wengine walichoma unga kwa uma yakawa yamekwisha. Quintilio alichonga wa kwake kwa majira mawili ya baridi: kofia ya chuma ya askari wa Kirumi, na manyoya yake juu. Unga ukishaumuka kofia ile ilifanana kabisa na kuku anayeatamia, na wanawake waliongoja mikate yao waliuliza kwa upole kama kuku wa Fabi ameshaiva. Ersilia alicheka nao. Alianza kucheka nao mapema sana, na hakujizuia hata mtoto alipokuwa karibu.

Mtoto alikuwa mmoja, Nunziata. Baba yake alisikitika wiki nzima kwamba si wa kiume, kisha akaanza kumlisha hadithi kama wengine wanavyolisha watoto uji. Wenzake walipofika miaka kumi na sita walishuka Roma kufanya kazi katika nyumba za watu, wakarudi Krismasi na viatu vipya na maneno ya mjini. Yeye alikatazwa, kwani Fabi hafui nguo za mtu. Wachumba walikuja. Alikuja mfinyanzi, akaja askari mmoja kutoka kusini, akaja mgane mwenye duka la mbegu, na kila mmoja Quintilio alimuuliza jina lake lina umri gani, kama vile ananunua divai. Mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na mbili ulipoingia Nunziata alikuwa na miaka thelathini na moja, na wanawake wa Montelavico walikuwa wameacha kumuuliza habari za posa. Adabu ya namna hiyo inauma kuliko tusi.

Ndipo Sante Proietti alipoanza kuja tanurini. Alikuwa mwashi, ana miaka thelathini na tano, viganja kama patasi, na mikate ya mama yake aliileta mwenyewe mara tatu kwa wiki, wakati watu wa nyumba yao walikuwa wawili tu. Mikate yote ile walikuwa wakiwalisha akina nani? Ersilia hakuuliza. Aliona binti yake ameanza kuosha nywele kila Alhamisi, akaufunga mdomo wake asije akaivunja bahati hiyo kwa mzaha.

Quintilio alipopelekewa habari aliweka kijiko chini. Nchi ile nzima inajua jina Proietti limetoka wapi. Kulikuwa na sanduku la mbao linalozunguka ukutani mwa hospitali moja kubwa kule Roma. Mwanamke aliweka humo kichanga chake, akagonga kengele, akaenda zake, na wa ndani waliokiokota walikiandika kwa jina hilo, jina la aliyetupwa. Mamia walipewa hilo hilo. Wajukuu wao leo ni waashi, ni wauza samaki, na wapo mahakimu pia, wala hakuna anayepoteza usingizi kwa ajili hiyo.

"Mjukuu wangu aitwe Mtupwa?" alisema Quintilio. "Damu yangu mimi ilimwagika kwa ajili ya Roma. Ya kwake iliokotwa Roma. Mambo mawili hayo."

"Ilimwagika, hatukatai," alisema Ersilia. "Tabu ni ile iliyobaki."

Nunziata hakupiga kelele, hakuvunja sahani. Alishuka tanurini kesho yake, akashika koleo, akaanza kutoa mikate bila kuombwa. Mama yake akamwambia asikate tamaa, huyo baba atazungushwa. "Nikimkosa huyu, mama, sitafuti mwingine," alisema Nunziata. "Nitakuja kukaa hapa na wewe, tuoke mpaka tuzikwe." Aliyasema bila machozi, huku akipangusa unga kwenye ubao, na Ersilia akaona miaka thelathini mingine imejipanga mbele ya mlango wa tanuri, yote ya binti yake. Tangu saa ile hakuwa na haja nyingine duniani ila kumwona Nunziata ametoka katika nyumba ile kwa mkono wa Sante.

Kumbe Quintilio naye alikuwa na mpango wake. Akina Proietti walikuwa wameomba kuja kuposa rasmi siku ya kwanza ya Mei, na yeye alikusudia kuwakaribisha, kuwalisha, kisha kuwasomea mezani nasaba yake tangu mwanzo, ikiwa na muhuri wa parokia, ili waone wenyewe umbali uliopo na waende zao kwa heshima. Akamwagiza paroko, Don Ottavio, amtolee nasaba hiyo vitabuni. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Don Ottavio alikuwa mzee mnene aliyependa amani kuliko Injili. Alichimbua vitabu siku nne. Siku ya tano hakwenda kwa Quintilio. Alikwenda tanurini asubuhi, wanawake walipokwisha kuondoka, na karatasi ndani ya kanzu, akaomba kiti. Akasema akina Fabi wa Montelavico hawapandi nyuma zaidi ya Machi mwaka elfu moja mia nane na tisa. Mwezi huo mtu mmoja mwenye nyumbu wa mizigo alileta kutoka Roma, ndani ya tenga moja, vichanga vitatu vya lile sanduku la ukutani, wagawiwe wanawake wa milimani wawanyonyeshe kwa malipo, kama ilivyokuwa desturi. Kitabu kiliwataja kwa majina waliyokuja nayo: mmoja Scipioni, mmoja Fabi, mmoja Proietti. Scipioni alikufa siku ya tatu. Wawili waliobaki walipewa mwanamke mmoja, Agnese, mke wa mchoma makaa, aliyekuwa amezika wa kwake. Na Proietti huyo ndiye babu wa babu yake Sante. Mwingine mjini hakuwapo.

Ersilia alimfanya asome mara mbili. Alimwona kabisa akilini karani wa hospitali ile ya Roma, kijana aliyesoma vitabu viwili, amechoshwa na jina moja kila siku, akaamua kugawa majina ya mashujaa wa Roma ya kale. Wa kwanza akampa Scipioni, wa pili Fabi, na alipomfikia wa tatu njaa ikamshika, akaandika la siku zote, akaenda kula.

"Kwa hiyo walinyonya ziwa moja," alisema.

"Ndugu wa ziwa, mama Ersilia. Mmoja kushoto, mmoja kulia," alisema padri, kisha akaona haya kwa alivyolisema.

Ersilia alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Padri alisema hawezi kumwambia Quintilio, ataugua. Ersilia akamjibu kwamba watu kama Quintilio hawaugui, huugua walio karibu nao, akachukua karatasi akaitia kwenye aproni. Alitamani sana kuibandika ukutani uwanjani, pale yanapobandikwa matangazo ya maziko, asimame pembeni aangalie watu wakisoma. Miaka thelathini na mitatu alikuwa ameingoja siku ya namna hiyo bila kujua anangoja nini. Lakini Nunziata aaibishwe pamoja naye uwanjani? Akavua aproni, akapanda nyumbani adhuhuri.

Quintilio alikuwa mezani, leso shingoni, anasubiri supu. Ersilia alimwekea karatasi mahali pa sahani. Alisoma, akawa mweupe, akasema padri amezeeka haoni vizuri. Kisha akasema akina Proietti wamehonga. Ersilia alimwambia akitaka aende akakitazame kitabu chenyewe. Quintilio akasoma tena, na polepole kidevu chake kikaanza kupanda. Jina kama hilo, alisema, hapewi mtoto yeyote tu. Karani lazima aliona kitu, shuka ya hariri, alama ya mkufu. Bila shaka palikuwa na bibi mkubwa wa nyumba halisi ya Fabi aliyeficha aibu yake, na kama ndivyo, basi damu yake iko karibu zaidi kuliko alivyodhani. Supu haijapoa jikoni, na mtu ameshatoka kwenye kutupwa akafika kwenye ufalme. Ersilia hakuwa amelitazamia hilo. Alisimama akimtazama kama mtu anavyotazama mende aliyekwisha kukanyagwa naye anaendelea na safari.

Hata hivyo Quintilio aliigeuza karatasi kifudifudi. Yeye alijishawishi, ila uwanja usingeshawishika, na hilo alilijua.

"Siku ya Mei utawapokea kwa mikono miwili," alisema Ersilia, "na utambariki mtoto. Ukikataa, karatasi hii utaikuta ukutani kati ya wafu."

"Na nikikubali?"

"Nitanyamaza. Kwa kila mtu, mpaka kaburini."

"Apa."

Aliapa kwa roho ya mama yake, na akaona amenunua kwa bei rahisi. Quintilio aliikunja karatasi, akaitia jikoni penye moto, akaomba supu.

Siku ya kwanza ya Mei meza iliwekwa nje chini ya mzabibu, maharage mapana mabichi kwenye vikapu, jibini la kondoo, na paja la mwanakondoo kutoka tanurini. Sante alikuja amevaa tai inayomkaba. Mama yake, Bibiana, alikuwa kimwanamke kidogo kilichokwisha kwa kufua nguo za watu, na alikaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba amekiazima. Ersilia alikuwa akimsubiri mumewe atafune maneno, abariki kwa shida, ashushe macho. Raha hiyo ndogo alijiona anaistahili.

Quintilio aliinuka na glasi. Aliwasimulia wale mia tatu na sita, wote, hakumpunguza hata mmoja. Kisha akasema ukubwa wa nyumba haupimwi kwa umri wa jina bali kwa uwezo wake wa kuinama, kwamba yeye hatazami mtu ametoka wapi, anatazama moyo, na kwamba leo, mbele ya Mungu na ya mababu zake, Fabi anainama kumwokota Proietti. Sauti ilimtetemeka pale palipofaa. Bibiana alilia. Aliinuka kwenye ile ncha ya kiti, akaizunguka meza, akaubusu mkono wa Quintilio, na Quintilio hakuuondoa. Aliuacha hapo kama askofu, mpaka mwanamke yule akatosheka. Ersilia alikuwa na kisu cha nyama mkononi na jina la Agnese limemjaa kooni, akakata nyama vipande vidogo kuliko ilivyohitajika, akaingia jikoni.

Nunziata alimfuata, macho yamelowa, anang'aa kwa furaha. Ersilia alifuta mikono ili amkumbatie.

"Umemwona baba?" alisema Nunziata. "Miaka yote umemcheka, wewe na wanawake wako wa tanurini. Nilikuwa nasikia, mama. Tangu mdogo nasikia. Leo umeona mwenyewe nani mwenye moyo katika nyumba hii."

"Nimeona," alisema Ersilia.

"Basi kamwombe radhi. Mbele yao. Sitaki kuondoka hapa nikiacha mambo hivi. Nifanyie hilo tu, sitakuomba lingine."

Alifungua kinywa, akakumbuka roho ya mama yake, akakifunga. Nje Quintilio alikuwa ameshaanza kumweleza Sante habari za mto ule, upande gani askari walivuka. Ersilia alisimama mbele yake na sahani mkononi, akina Proietti wakageuka, na Nunziata nyuma yake mlangoni.

"Quintilio," alisema, "nisamehe kwa niliyokukosea."

Yule mtu bure alimtazama muda mrefu, kwa huruma ya kweli kabisa. Akampigapiga mkono. Akasema yamekwisha, mke wangu, watu wa damu yetu hawaweki kinyongo, kisha akasogeza sahani yake aongezewe nyama, na Ersilia akamwongezea.