Zubeiri wa Nyaishozi na Jina la Kuazima

Zubeiri bin Mgeni hakuwa mwalimu, wala hakuwahi kutawala hata kitongoji. Aliuza chumvi, nguo na shanga pale Nyaishozi, miaka ile Wajerumani walipotawala Karagwe kutoka Bukoba. Baba yake alikuja na msafara kutoka Pangani, akaoa huku, akazikwa huku. Zubeiri mwenyewe hakuwahi kuiona Pangani. Alizungumza Kinyambo, lugha ya Karagwe, kama mtu aliyezaliwa migombani, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwa baba yake. Kusoma na kuandika alifundishwa na baba huyo huyo.

Kwa sababu hiyo, shule ya serikali ilipojengwa Nyaishozi, Bwana Mkubwa wa Bukoba, yaani mkuu wa Kijerumani, aliagiza iwe na wasimamizi wawili. Wa kwanza alikuwa Rwegoshora, mkungu wa mahali pale, yaani mkuu aliyegawa ardhi na kuwaamuru watu. Wa pili alikuwa Zubeiri. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha watoto wanahudhuria, jengo halianguki, na mwalimu anafundisha. Hapakuwa na malipo. Wengi wa siku hizi wakisikia hivyo huuliza, “Sasa alipata nini?” Swali hilo linamweleza anayeuliza kuliko linavyomweleza Zubeiri.

Siku watoto walipoletwa kuandikishwa, mkungu alitakiwa atoe mwanawe mkubwa, Ndyanabo, ili watu wengine wafuate mfano. Rwegoshora alikuja na mtoto mwembamba aliyevaa ngozi ya mbuzi iliyochakaa.

“Huyu ndiye Ndyanabo,” alimwambia Mwalimu Shehe, kijana aliyekuwa amefika kutoka Tanga juma lile lile na hakumjua mtu.

Mwalimu aliandika. Zubeiri akamvuta mkungu pembeni.

“Mkungu, yule ni Kaijage wa Bitegeko. Mama yake hununua chumvi kwangu.”

Rwegoshora akacheka mpaka akashika tumbo. “Kwani wewe umekuja jana? Serikali inataka mtu, nimetoa mtu. Mtawala akiomba mtu wa kubeba mizigo, mimi hutuma mwanangu? Akiomba watu wa kujenga, hujenga Ndyanabo? Bitegeko anakaa kwenye kibanja changu, anakula ndizi za udongo wangu. Mwanawe atanisomea.”

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Aliyepewa kibanja, yaani shamba lake la migomba pamoja na mahali pa kujenga nyumba, alilipa kwa kumtumikia aliyempa. Mkungu hakuona hila yoyote. Aliihesabu shule kuwa kazi ya mtawala kama nyingine, nayo kazi ya mtawala hufanywa na mwili wowote uliotumwa. Zubeiri alijua kwamba hilo ni kosa, lakini alinyamaza. Alijiambia kuwa walau mtoto wa Bitegeko atajua kusoma. Hapo mimi simsifu. Uongo ukishapewa kiti cha kukalia, haukai kimya.

Katika mambo mengine yote alikuwa msimamizi ambaye ningependa kamati za shule zetu zimwige. Kila Jumatatu alifunga duka, akaenda kukaa nyuma ya darasa akiwa amekunja miguu, akisikiliza. Nyasi za paa zikioza, hakungoja amri. Alikwenda kwa wazee nyumba kwa nyumba mpaka nyasi mpya zikaja. Mkungu alipotaka watoto wachume buni zake saa za masomo, Zubeiri alisimama mlangoni. “Wakitoka, watachuma. Sasa hivi wamo kazini.”

Akina mama walikuwa na hofu yao. Mmoja alimwambia wazi dukani, “Wewe Mwislamu na mwalimu wako Mwislamu. Mtawatahiri watoto wetu!”

“Mama, mwanao tunamfundisha kusoma. Hayo mengine ni yake na baba yake.”

“Niapie.”

“Naapa kwa Mungu. Na nikivunja kiapo, usinunue chumvi kwangu tena.”

Wanawake waliokuwapo wakaangua kicheko, na watoto wakaletwa.

Msimu wa senene, panzi wale wa kuliwa, ulipofika, darasa lilibaki tupu, kila mtoto yuko vilimani na kikapu. Mwalimu Shehe alikasirika, akataka wazazi waadhibiwe. Zubeiri akamwambia, “Mwalimu, huku senene ni kitoweo, ni zawadi, ni heshima ya mke kwa mume. Ukishindana na senene utashindwa. Waache asubuhi, waje jua likipanda.” Walikuja jua lilipopanda, vikapu vimejaa, na mwalimu akapewa fungu lake. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kuuliza senene wataanguka lini.

Katika watoto wote hao, aliyewazidi ni yule aliyeitikia jina la Ndyanabo. Alisoma kwa sauti bila kukwama, na hesabu alizifanya kichwani wenzake wakiwa bado wanachora mchangani. Mwalimu alimpenda. Nyumbani aliitwa Kaijage, shuleni Ndyanabo, na alikwisha kuzoea kuvua jina moja mlangoni kama mtu anavyovua viatu.

Ndipo ikaja habari. Bwana Mkubwa angepita Nyaishozi kuchagua mwanafunzi mmoja aende shule kubwa ya Bukoba, kisha arudi kuwa karani wa serikali Karagwe. Mwalimu angetaja aliye bora, na wasimamizi wote wawili wangethibitisha mbele ya baraza kwamba ndiye.

Rwegoshora hakuwa mjinga. Alielewa kuwa karani angekuwa mdomo na sikio la serikali, na kwamba mkungu atalazimika kumwuliza karani kilichoandikwa. Akaja dukani kwa Zubeiri mchana, akaketi juu ya gunia la chumvi bila kukaribishwa.

“Mwalimu atamtaja Ndyanabo,” alisema. “Vizuri. Na Ndyanabo ninaye nyumbani.”

“Ndyanabo wa nyumbani hajui hata herufi moja.”

“Atajulia huko Bukoba. Si ndiko wanakofundisha?”

“Na Kaijage?”

“Kaijage amemaliza kazi yangu. Atarudi kuchunga ng’ombe wangu. Mtu akinilimia shamba, mavuno ni ya nani?”

“Shamba hulimwa na yeyote, Mkungu. Elimu hailimwi kwa niaba. Iko kichwani mwa mtoto wa Bitegeko. Utaitoa vipi humo uitie katika kichwa cha mwanao?”

Rwegoshora aliinuka, akapangusa chumvi kwenye nguo yake. Akatazama kuta za duka, akatazama paa.

“Kiwanja hiki ni changu, Zubeiri. Baba yako alipewa na baba yangu. Siku ya baraza utaulizwa neno moja tu. Sema ndiyo, nami sitakumbuka hata kuwa nilikuja leo.”

Baada yake alikuja Bitegeko, baba wa mtoto. Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Waitu,” alisema, kwa neno ambalo watu wa huku humwambia mkubwa, “nimesikia unataka kumtetea mwanangu. Usimtetee. Mkungu akinitoa kwenye kibanja, watoto wengine watakula nini? Migomba ile niliipanda mimi.”

“Wewe unataka Kaijage arudi kwenye ng’ombe?”

Bitegeko aliigeuzageuza kofia yake. “Juzi alinisomea tangazo la serikali lililobandikwa pale barazani,” alisema. “Watu wakamzunguka. Wazee, waitu! Wazee wakamzunguka mwanangu.” Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mwaja, mkewe Zubeiri, alikuwa nyuma ya pazia akichambua maharage, na hakuwa mwanamke wa kujifanya hakusikia.

“Baba Saleh, mbona umeganda?”

“Nikisema kweli, tunahama.”

“Kutoka wapi? Kwenye duka hili ambalo paa linavuja tangu Shaabani? Wewe unawaezekea wenzako shule, nyumba yako mvua inaingia mpaka kwenye unga.”

“Mwaja, sifanyi mzaha.”

“Wala mimi.” Akaweka ungo chini. “Kila Jumatatu unakwenda kule, ukirudi unanisimulia mtoto huyu kasoma hivi, mtoto huyu kahesabu vile. Nimelishwa habari za Kaijage kuliko wali. Ukimfuta mbele ya baraza, Jumatatu ijayo utakwenda kusimamia nini?”

Zubeiri alitoka akaenda kwa Rwegoshora, akamkuta anakunywa rubisi, pombe ya ndizi, na wageni wake. Akaomba kuzungumza naye faragha, wakasogea nyuma ya nyumba.

“Mkungu, nimekuja kukuambia kabla. Kesho nitasema kweli. Lakini nakuomba uiseme wewe kwanza. Ukisema wewe, utakuwa mkungu aliyejirekebisha. Nikisema mimi, utakuwa mkungu aliyeumbuliwa.”

“Toka kwangu, muuza chumvi.”

Watu wengi hufikiri kusema kweli ni kupasua jambo hadharani. Zubeiri alimpa mwenzake nafasi ya kujisemea kweli mwenyewe. Nafasi ile haikutumiwa, lakini ilitolewa.

Siku ya baraza watu walijaa mbele ya shule. Bwana Mkubwa aliketi kwenye kiti cha kukunja, askari wamesimama nyuma yake. Mwalimu Shehe akamtaja aliye bora: Ndyanabo, mwana wa mkungu. Watu wakatazamana. Rwegoshora akamsukuma mbele kijana mnene aliyevaa kanzu mpya nyeupe. Mwalimu alipomwona akaanza kumtafuta kwa macho mwanafunzi wake.

“Wasimamizi,” alisema Bwana Mkubwa kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. “Huyu ndiye Ndyanabo?”

“Ndiye,” alisema Rwegoshora.

“Na wewe?”

Zubeiri alisimama. “Ndiye Ndyanabo, Bwana. Lakini hajawahi kukaa darasani. Aliyesoma kwa jina hilo ni Kaijage, mwana wa Bitegeko. Yule pale, nyuma ya wenzake.”

Kelele ikazuka. Mzee mmoja akasema kwa sauti, “Hata kuku wa Nyaishozi wanajua!” Watu wakacheka, askari wakawanyamazisha.

Bwana Mkubwa aliwauliza wasimamizi kosa ni la nani. Rwegoshora akamnyooshea kidole Bitegeko: “Baba wa mtoto ndiye aliyemleta.”

“Hapana,” alisema Zubeiri. “Bitegeko alitii tu. Kosa ni letu wasimamizi wawili. Mkungu alifuata desturi ya kutuma mtu wake, akidhani shule ni kazi ya kubebeana. Mimi nilijua siyo, nikanyamaza tangu siku ya kwanza. Kama kuna adhabu, nianze mimi. Nina ombi moja tu: Bitegeko asitolewe kwenye kibanja chake kwa ajili ya hili.”

Mtu angeweza kusema kweli ile ile na kujiacha nje yake. Wapo wengi wa namna hiyo, nao hupenda kujiita wakweli.

Bwana Mkubwa alimwita Kaijage, akampa karatasi, mtoto akasoma mpaka mwisho. Akaamuru aende Bukoba kwa jina lake mwenyewe, na Bitegeko asiguswe. Rwegoshora alikemewa mbele ya watu wake. Zubeiri aliondolewa usimamizi, kwa kuwa, alisema Bwana Mkubwa, msimamizi anayejua uongo na kunyamaza hafai. Maneno hayo yalikuwa ya haki, na Zubeiri aliyakubali kwa kuinamisha kichwa.

Siku zilizofuata mkungu alituma mtu kusema kiwanja cha duka kimepewa mwingine. Hakuna aliyeweza kumzuia. Zubeiri hakuwa amejiombea chochote. Waliamua kwenda Murongo, kwenye kivuko cha mto Kagera, ambako wafanyabiashara wa ng’ambo walipita. Mwaja alifunga vyombo akiimba. Alisema anatafuta nyumba yenye paa.

Ilikuwa Jumatatu walipoondoka. Zubeiri aliwaambia wapagazi watangulie, akapita shuleni kwa mazoea. Watoto walimwona dirishani, wakapiga kelele, “Shikamoo, Mzee Zubeiri!” Mlangoni alimkuta Rwegoshora amesimama, ameegemea fimbo yake.

“Unakwenda wapi, muuza chumvi?”

“Murongo. Wa huko nao wanakula chumvi.”

“Kiwanja sikurudishii.”

“Sikuja kukiomba.”

Mkungu akatazama pembeni. “Sasa nasimamia peke yangu,” alisema.

“Basi simamia.”

Ndani, Mwalimu Shehe alianza kuita majina. Alipofika mahali fulani aliita, “Ndyanabo!” Hakuna aliyeitika. Watoto waligeuka kwa mazoea kutazama pale alipokuwa akiketi Kaijage, na pale palikuwa patupu. Mwalimu akaita tena. Kwenye mkeka wa mbele, katikati ya watoto wadogo waliomfikia kifuani, kijana mnene aliyevaa kanzu iliyokwisha chafuka aliinamisha kichwa, kana kwamba anayeitwa ni mtu mwingine.

Rwegoshora akagonga fimbo yake kwenye kizingiti.

“Itika!” alifoka. “Ni wewe unayeitwa. Hakuna mwingine wa kukuitikia.”

“Labeka,” alisema Ndyanabo.

Zubeiri alisikia, akafunga vizuri kilemba chake, akashika njia ya Murongo.