Mbwa wa Kupelekwa Morogoro

Kila asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, Wakiuru alikuwa akisimama kando ya ua wake, juu kidogo ya mji wa Karatina, na kumwita mbwa kwa sauti ya kufika mbali. "Utajua! Utajua, kuja hapa!" Mbwa mwenyewe alikuwa amelala miguuni pake, akijikuna. Aliyekuwa akiitwa si mbwa. Ni Gikonyo, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa ng'ambo ya ua akipuliza chai yake na kujifanya hasikii.

Usimwonee Wakiuru huruma mapema, wala usimhukumu mapema. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, mkavu wa maneno. Aliuza karoti na kabichi soko la Karatina na aliendesha gari la Probox mwenyewe tangu Wambugu, mumewe, alipofariki miaka minane iliyopita. Ukibonyeza karoti zake bila kununua, alikuuliza kama wewe ni daktari. Wenzake sokoni walimheshimu, na walihakikisha hawamkalii karibu sana.

Ugomvi wake na Gikonyo ulikuwa wa mbwa. Siku ya mazishi ya Wambugu, Gikonyo aliuliza mbele ya watu ni nani sasa atalinda boma la ndugu yake. Wengine walisikia huruma. Wakiuru alisikia mtu anayelipima shamba kwa macho. Basi mbwa wake wa kwanza alipokufa Aprili iliyofuata, povu mdomoni na miguu ikipigapiga ardhi, hakuuliza mtu. Wa pili akafa Oktoba ya mwaka mwingine, vilevile. Wa tatu, Aprili tena. Ni nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wakiuru, na hakusema kwa kunong'ona. Alisema sokoni, alisema kanisani baada ya ibada, alisema kwenye matanga ya watu wasiohusika. Gikonyo alikuwa mzee wa kanisa; hakuchaguliwa tena. Wakiuru alilala vizuri usiku huo.

Mbwa wa nne alimfunga mnyororo tangu akiwa mdogo na kumpa jina la kumtisha jirani. Huyo ndiye Utajua.

Sasa, mwezi wa Juni, habari ikatoka Tanzania. Sophie, binti yake wa pekee, aliyeolewa na kijana wa Kutus anayefanya kazi ya umeme Morogoro, alikuwa amejifungua msichana wa pili. Na kwa desturi ya kwao, msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, na wa pili kwa jina la mama wa mama. Miaka tisa Wakiuru alikuwa ameshikilia pumzi akingoja huyo wa pili. Sasa alikuwepo duniani, kilo tatu na kidogo, na aliitwa Wakiuru. Ubatizo ungekuwa mwisho wa Agosti. Kumshika wajina wake siku ya ubatizo, hilo tu ndilo Wakiuru alilolitaka duniani, na alimwambia Mungu hivyo waziwazi.

Kwa basi angefika bila shida. Lakini basi halibebi mbwa, na Wakiuru aliapa kwamba hatamwacha Utajua nyuma hata siku moja, kwa sababu angerudi akute mzoga. Ataendesha gari mwenyewe mpaka Morogoro, na mbwa atakaa kiti cha nyuma.

Jamani, watu walicheka. Mbwa, ambaye kwao hula ukoko wa ugali nje na haruhusiwi hata jikoni, sasa anapelekwa kutembea Tanzania kama mzungu! Mwanamke mmoja muuza vitunguu alimuuliza kama Utajua ameshatafutiwa hoteli. Wakiuru alimjibu kwamba ametafutiwa, na si hoteli ya kulala watu wa aina yake.

Mpango aliufanya na Ngatia, mzee wa Kutus aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukamkataa. Walikaa kibandani pake siku nzima. Ngatia alimtajia njia kama mtu anayesali: Thika, Nairobi, Namanga, kisha mpaka, Arusha, Moshi, Korogwe, Chalinze, halafu ukunje kulia. Siku mbili, akilala Moshi. Asiendeshe jua la saa nane na mbwa ndani. Asimlishe asubuhi ya safari, maji tu, kidogo kidogo. Amfunge kamba fupi asije akarukia usukani. Wakiuru aliandika yote kwenye daftari la shule, akibisha kila mstari, kwa sababu kukubali jambo bila kubisha hakukuwa katika damu yake.

Kisha wakamjaribu mbwa. Utajua hakuwa amewahi kupanda gari maishani. Alivutwa, akasukumwa, akabebwa. Kufika Sagana alikuwa ametapika kwenye kiti, kwenye daftari, na kwenye kiatu cha Wakiuru. Wakiuru alimtukana mbwa, akamtukana Ngatia kwa kucheka, na kwa umbali huo wote akamtukana Gikonyo, kwa maana isingekuwa yeye mbwa angekuwa amelala nyumbani. Kesho yake akarudia. Akamtoa mnyororo awe anatembea shambani, achangamke, azoee kumfuata. Wiki ya tatu Utajua aliingia garini mwenyewe na kuweka kichwa dirishani.

Ndipo Ngatia akaomba kuona kitabu cha gari. Alikisoma, akamwangalia, akakisoma tena. Gari lilikuwa bado kwa jina la Wambugu.

Si ajabu. Nusu ya mashamba ya huko yako kwa majina ya watu waliozikwa, na wajukuu wanalima tu. Wakiuru alikuwa amepita vizuizi vya polisi miaka minane akiuliza habari za watoto wao, na hakuna aliyemsumbua. Lakini mpakani, Ngatia alimwambia, watataka barua ya mwenye gari, na mwenye gari hawezi kuandika. Wakili wa mjini akamweleza pa kuanzia: barua ya chifu, kwamba yeye ndiye mjane na familia imekubali gari liwe lake. Chifu naye alisema hatoi barua hiyo mpaka ndugu wa marehemu aweke sahihi mbele yake. Na ndugu wa marehemu alikuwa mmoja tu.

Wakiuru alimaliza siku mbili bila kula vizuri. Kisha akampelekea Gikonyo ujumbe kupitia mzee wa kijiji, maana yeye mwenyewe asingevuka ua ule hata nyumba ikiungua. Jibu lilirudi jioni hiyohiyo. Gikonyo atakuja kwa chifu Ijumaa. Atasaini. Lakini kwanza Wakiuru aseme mbele ya chifu, kwa mdomo wake, kwamba Gikonyo hakuua mbwa yeyote.

Alikasirika. Muuaji anataka asafishwe, tena na yule aliyeuliwa mbwa wake! Lakini alifikiria kile kitoto cha Morogoro, akajiambia maneno hayavunji mfupa. Atayasema kama dawa chungu, ateme mate akitoka.

Alhamisi, siku moja kabla, alimpeleka Utajua kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana hilo nalo lilitakiwa mpakani. Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana wa Meru, Daktari Nkatha, mpole na mwenye maswali mengi. Alipotoka na sindano, alimkuta Utajua amechimba shimo kubwa uani pake, pua yote ndani ya udongo. Nkatha akacheka, akasema huyu ni mwindaji wa fuko, wale panya wa chini ya udongo. Wakiuru alisema kwa fahari kwamba mbwa wake wote walikuwa hivyo, wakikamata fuko kuliko mitego. Wote walipewa sumu na jirani. Huyu ndiye aliyebaki.

Nkatha aliacha kucheka. Akauliza walikufa lini. Wakiuru alizijua tarehe hizo kama siku za kuzaliwa: Aprili, Oktoba, Aprili.

"Na wewe mama, hizo fuko unaziua na nini?"

Wakiuru alieleza vizuri, hata kwa madoido, maana majirani humwiga. Viazi vitamu hukatwa vipande, hupakwa dawa, halafu hufukiwa kwenye njia za fuko, kila mvua zikianza, wiki ya kupanda. Alikuwa bado anaongea alipoona uso wa yule binti umebadilika.

Nkatha hakumhubiria. Alisema tu kwamba mbwa akichimbua kipande hicho, au akila fuko aliyekila, hufa saa hiyo hiyo, na povu. Akaandika kadi ya chanjo, akapiga mhuri.

Ndani ya gari Wakiuru alijaribu kumchukia daktari. Mtoto wa juzi, anajua nini? Chuki hiyo haikufika mbali. Aliikumbuka ile Aprili ya kwanza, na mikono yake mwenyewe ikinuka dawa alipokuwa akimzika mbwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akafungua dirisha. Halafu akajiambia hakuna anayejua. Kesho atasema maneno yaliyotakiwa, sahihi itawekwa, na atakwenda zake. Na yawe yameishia hapo.

Ijumaa Gikonyo alikuja amevaa koti la kanisani, ingawa kanisani siku hizi alikaa viti vya nyuma. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, kwa hiyo alikuja na binti yake, Ivy, mwalimu wa shule ya msingi, wa kumsomea. Ivy alimsalimia chifu. Wakiuru hakusalimiwa. Ivy alimsomea baba yake barua polepole, akaweka kidole pale pa kutia sahihi.

Chifu alitaka mambo yaishe. Nje kulikuwa na foleni. Akamwambia Wakiuru aseme lake. Wakiuru alisimama, akatazama kalenda iliyokuwa ukutani, akasema kwa pumzi moja kwamba anasema Baba Ivy hakuua mbwa. Chifu akaitikia kwa kichwa na kusukuma kalamu.

Gikonyo hakuigusa. "Mama Sophie," akasema, "unasema hivyo kwa vile unajua, ama unasema ndio nisaini?"

Hapo ndipo angeweza kujibu lolote. Mtu mwenye ulimi ule hakosi jibu. Lakini yule mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yake, akisubiri kama mtu aliyesubiri miaka saba, na Wakiuru akaiacha kalenda, akamtazama.

"Najua," akasema. "Ni mimi. Ni ile dawa yangu ya fuko. Nilijua jana."

Chifu alikohoa. Gikonyo akaanza kusema bila kupandisha sauti, na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni alisikia.

"Miaka tano iliyopita watu wa Timau walikuja kuuliza habari ya boma yangu. Walikuwa na kijana wao, Kathurima, alikuwa anataka Ivy. Unajua vile watu huuliza. Hawakuanza kwangu, walianza kwa jirani. Uliwapikia chai. Ukawaambia hapa ni kwa watu wa sumu."

Wakiuru aliwakumbuka: wanaume wawili na mama mmoja mwenye kilemba cha buluu. Aliwaongezea chai mara mbili, na alifurahi walipoondoka wameinamisha vichwa. Alikuwa amewasahau kabla vikombe havijaoshwa.

"Walirudi Timau, simu ikanyamaza," Gikonyo akasema. "Ivy sasa ako na miaka arobaini na moja. Mimi sina mtoto mwingine."

Ivy alikuwa akitazama barua mezani. Hakuinua macho.

Gikonyo alipapasa, akaipata kalamu. Binti yake alimwelekeza mkono mpaka kwenye mstari, na akaandika jina lake lote, herufi moja moja, bila haraka. Akaisukuma karatasi upande wa Wakiuru.

"Shika," akasema. "Enda ubebe wajina wako. Wangu hatazaliwa."

Chifu alipiga mhuri haraka. Ivy alichukua kofia ya baba yake kutoka kitini, akamvisha, akamshika kiwiko, wakapita katikati ya watu waliowaachia njia. Wakiuru alibaki amesimama na barua mkononi. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa neno la kumtupia mtu wa nyumba ile, na sasa alitaka neno moja tu, lolote, la kumwambia Ivy. Alipofika mlangoni walikuwa wameshavuka barabara.