Intaneti ya Hajati

Kompyuta iliyokuwa inafanya kazi kwa Hajati ilikuwa moja tu, na mimi ndiye niliyeifuta.

Zote pamoja zilikuwa nne, kompyuta za mkononi za zamani, nzito kama tofali, alizopewa na ndugu yake aliyekuwa anafunga ofisi. Hajati alikuwa na chumba cha ushonaji pale Muleba, upande wa juu wa barabara kuu, na wasichana wanane waliokuja kwake kujifunza cherehani. Yeye ni mzaliwa wa Bukoba mjini, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walifuata biashara kutoka pwani, wakaoa kwetu kwa Wahaya, wakabaki. Kihaya anakisikia chote lakini hakizungumzi ila akikasirika. Kiswahili chake kimenyooka kama mshono wake.

Mwaka ule alitaka wasichana wajifunze na kompyuta. Alikwisha kuwaambia wazazi kwamba darasa linaanza Jumatatu, na kwamba intaneti itakuwepo. "Kompyuta bila intaneti," aliniambia, "ni taipureta yenye kioo."

Mimi nilikuwa nimeshuka Muleba siku chache kabla, nikitokea kisiwa cha Bumbire, ambako nilikaa miezi mingi nikichaji simu za wavuvi kwa sola. Kabla ya hapo nilikuwa Bukoba, nikimsaidia fundi simu karibu na soko. Shule niliacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka tu kukaa mahali pamoja nikiambiwa mambo ambayo sikuuliza. Niliyouliza mwenyewe niliyafuata kokote. Pale kwa fundi wa Bukoba palikuwa na kompyuta ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, na ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nikaichokonoa mpaka nikaielewa, nikaiharibu, nikaielewa tena. Nilipoondoka niliibeba Linux kwenye flashi, mfukoni, kama wengine wanavyobeba kitambulisho.

Kwa hiyo Hajati aliponionyesha zile kompyuta nne, tatu zikichukua nusu saa kuwaka na moja ikijikongoja, nilimwambia dawa yake ninayo.

Akanitazama kuanzia viatu. "Una cheti?"

"Sina, Hajati."

"Sasa sikiliza. Ukizifanya ziwake vizuri na zishike intaneti kabla ya magharibi ya Jumamosi, Jumatatu wewe ndiye mwalimu, na chumba cha nyuma ni chako. Ukishindwa, namwita yule fundi kompyuta wa Bukoba mwenye cheti."

Sijawahi kuitwa mwalimu. Nilikuwa nimeitwa fundi, kijana, iwe, yaani "wewe" ya Kihaya, na mengine ambayo siyaandiki. Siku zote nilipoondoka mahali nilisema nimechoka napo, lakini ukweli ni kwamba hakuna mahali palipowahi kuniambia baki.

Alhamisi asubuhi nilianza kazi. Mtu mwenye akili angeanza na moja ya zile tatu mbovu. Mimi nilianza na ile nzima, maana nilitaka Hajati aone tofauti haraka. Niliweka flashi, nikafuta kila kilichokuwemo, nikaweka Linux. Kabla chai haijapoa kompyuta ilikuwa imewaka, nyepesi, inafungua programu kabla hujaondoa kidole. Wasichana waliacha cherehani wakaja kutazama.

"Imependeza," alisema Hajati. "Na mtandao?"

"Unakuja."

"Unakuja kutoka wapi?"

Pembeni ya kioo, pale ambapo huwa kuna alama ya mawimbi, hapakuwa na kitu. Si kwamba mtandao ulikataa. Kompyuta haikujua kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa mtandao usiotumia waya. Nikafungua ile sehemu ya kuandika amri, nikaiomba iniorodheshee vifaa vyote vilivyomo tumboni mwake. Kadi ya mawimbi ilikuwepo, jina lake limeandikwa waziwazi. Ila mbele ya jina, pale ambapo pangetajwa programu ya kuiendesha, palikuwa patupu.

"Kadi ipo, dreva hayupo," nilisema, nikijisemea.

"Kama basi la saa tano," alisema msichana mmoja. "Basi lipo, dreva amekwenda kula ndizi."

Wakacheka wote. Nami nilicheka, ila wakati ule ule nilikumbuka kwamba asubuhi ya siku ile ile kompyuta hii ilikuwa kwenye intaneti, na aliyeitoa ni mimi.

Hilo la dreva, hata hivyo, nililijua. Baadhi ya watengenezaji wa kadi hawaruhusu programu zao zigawiwe hovyo, basi Linux huja bila hizo na wewe unazitafuta. Shida ni kwamba unazitafuta kwenye intaneti, na intaneti ndiyo unayoikosa. Ni kama kuambiwa ufunguo wa mlango uko ndani ya nyumba. Nikachukua simu yangu, nikaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia, nikairuhusu igawe bando lake. Faili lilishuka taratibu. Nikaliweka, nikazima, nikawasha.

Alama ya mawimbi ikatokea. Chini yake majina ya mitandao ya jirani yakajipanga, na la juu kabisa lilikuwa DAGAA FRESHI.

Huo ndio mtandao tuliokuwa tunautafuta. Ulikuwa wa mzee mwenye nyumba, mfanyabiashara wa samaki, ambaye chumba chake cha makasha kilipakana na chetu. Kile kisanduku cha intaneti kilikuwa humo, nyuma ya kufuli mbili. Alimruhusu Hajati autumie, na mwaka uliopita alikuja mwenyewe akaandika neno la siri kwenye simu ya Hajati na kwenye kompyuta ile moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyeliandika tena. Simu ya Hajati ililikumbuka, lakini ukiiomba ilionyeshe ilitoa vidoti tu. Kompyuta nayo ililikumbuka, mpaka nilipoifuta.

Mwenye nyumba alikuwa Bumbire wiki ile. Tukampigia. Kulikuwa na upepo na kelele za watu wanaopakia.

"Shikamoo mzee. Naomba neno la siri la intaneti."

"La nini?"

"La intaneti! La kwa Hajati!"

"Aah! Rubisi tamu! Yote pamoja, herufi ndogo!"

Hajati alikuwa amesimama nyuma yangu. "Amesema nini?"

"Rubisi tamu."

"Rubisi? Pombe ya ndizi?" Akashika kichwa. "Astaghfirullah. Mwaka mzima intaneti yangu inapita kwenye pombe!"

Wasichana waliangua kicheko mpaka mmoja akajichoma sindano. Nikaandika neno, nikabonyeza. Alama ikazunguka, ikazunguka, kisha dirisha likarudi likiomba neno la siri upya.

Nikaandika tena. Likarudi tena.

Sasa, mtu ambaye ametoka kupambana na dreva asiyekuwepo akiona kitu kimekataa, atamshuku dreva. Ndivyo nilivyofanya Alhamisi iliyobaki na Ijumaa yote. Nilisema, huyu dreva nimemwokota njiani, labda hajui njia. Nikamtoa, nikamweka wa toleo la nyuma. Nikasoma mahali kwamba kadi hizi husinzia ili zitunze betri, nikaizuia isisinzie. Nikasoma kwamba Linux hubadilisha namba ya kujitambulisha kila inapobisha hodi, na visanduku vingine vya intaneti havipendi mgeni mwenye majina mengi, nikaizuia isibadilishe. Nikahamisha meza nikaiegemeza kwenye ukuta wa mwenye nyumba, mpaka nikawa nasikia panya wakitembea kwenye makasha. Neno lenyewe nililijaribu kwa herufi kubwa, kwa kuacha nafasi katikati, hata kwa kuongeza o mbele kama tunavyosema kwa Kihaya. Kila nilichofanya, dirisha lilirudi pale pale, kwa adabu, likiomba neno la siri.

Nilimpigia tena mwenye nyumba.

"Mzee, neno linakataa."

"Iwe, umekulia wapi wewe hujui rubisi?"

"Rubya, mzee."

"Rubya! Mtu wa Rubya anafundishwa rubisi kwa simu! Dunia imekwisha!" Akakata, na baada ya hapo simu yake haikupatikana.

Ijumaa Hajati alikwenda kuswali, akarudi, akakaa kwenye mashine yake. Jioni nilimsikia uani akiongea kwa simu: "Subiri kwanza. Mpaka kesho. Kesho nitakwambia." Nilijua anaongea na yule mwenye cheti, na nilijua hata gari ningelipandia upande gani wa barabara. Magari ya Biharamulo hupita pale mchana kutwa. Mtu hahitaji hata kuaga.

Jumamosi baada ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, ingawa mikono iliendelea yenyewe. Nilikuwa nimeweka alama kwenye kile kiboksi kinachofanya herufi za neno la siri zionekane badala ya vidoti, na kila nikiandika nilikuwa naisoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hajati alipita na gauni begani, pini tatu mdomoni. Akasimama. Akazitoa pini.

"Hebu soma tena."

"Rubisitamu."

"Taratibu."

"Ru-bi-si-ta-mu."

"Na hapo kwenye kioo umeandika nini?"

"Rubisitamu, Hajati."

Akainama karibu, miwani ikigusa kioo. "Mwanangu. Hapo pameandikwa lubisitamu."

"Ndiyo. Rubisitamu."

Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika kwa kicheko. "Mdomo wako unasema moja na kidole kimeandika nyingine, na wewe husikii! Nyinyi Wahaya! Ndiyo maana siku ya uchaguzi kwenu watu wanapiga kula!"

"Hajati, ni kitu kimoja..."

"Kwenu ni kitu kimoja! Kompyuta ni Mhaya? Andika kwa R. R ya redio, si L ya limau."

Niseme ukweli: nilikuwa sijafikiria kabisa. Katika siku mbili za kujaribu kila kitu, herufi hiyo sikuijaribu, kwa sababu kwenye sikio langu hapakuwa na herufi mbili za kuchagua. Kwetu baba anaweza kuandika jina la ukoo kwa R, mwanawe akaliandika kwa L, na cheti cha ubatizo kikafuata alivyosikia karani, na hakuna anayedhani kwamba hao si baba na mwana. Rubisi na lubisi ni kinywaji kile kile kwenye kata ile ile. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kunyimwa rubisi kwa kukosea herufi yake ya kwanza.

Nikafuta. Nikaandika kwa R. Alama ikazunguka, na mimi nikaangalia pembeni, kwenye mkono wa gauni la Hajati, kwa kuwa sikutaka kuliona lile dirisha likirudi.

Halikurudi. Nilipogeuka, mawimbi yalikuwa yamejaa mpaka juu.

Nilichohisi hakikuwa furaha ya kushinda. Ilikuwa kama kushusha ndoo kichwani baada ya mlima, ile hali ya shingo kushangaa. Dreva hakuwa na kosa. Tangu Alhamisi alikuwa tayari, amekaa kwenye usukani, ananingoja nimpe anwani iliyoandikwa sawasawa, na mimi nilikuwa namfukuza kazi na kumrudisha.

Wasichana walipiga vigelegele. Hajati hakuridhika na mawimbi, alitaka ushahidi. "Nitafutie gauni la harusi lenye mikono mirefu," akaamuru, na magauni yakaja, safu baada ya safu, na kwa muda nikasahaulika kabisa, wote wakibishana kuhusu shingo na mikunjo. Kisha akachukua simu yake akatoka mlangoni. Sauti ilinifikia: "Usihangaike kuja. Hapana, si kwa ubaya. Nimeshapata."

Zile tatu nyingine nilizimaliza kabla jua halijagusa migomba. Dreva yule yule, neno lile lile, R ya redio. Kila moja ilipoingia kwenye mtandao Hajati aliitazama kama mtu anayehesabu kuku wanaorudi bandani.

"Mwenye nyumba akirudi," alisema, "nitamwambia abadilishe hilo neno. Aweke Alhamdulillah."

"Hajati, hilo lina L tele. Nitaanza upya."

"Basi ndilo utakalofundishia Jumatatu," akasema, na hakuwa anatania sana. "Saa mbili kamili. Na wewe uje umenyoa. Mwalimu hafanani na mtu aliyeshuka kwenye boti."

Nikatoka nikaenda sokoni kabla wauzaji hawajafunga. Muuzaji wa magodoro alikuwa anakunja turubai. Aliniuliza nataka kubwa au dogo, nikamwambia nahitaji kulala juu yake kwanza nijue. Katika miaka yote ya kuzunguka nilikuwa nimelalia mkeka, makasha na viti vya mabasi, na sikuwahi kununua kitu ambacho hakiingii kwenye begi. Nikalala pale pale mbele ya duka, viatu nje, watu wakipita na mikungu yao.

"Vipi?" akauliza muuzaji.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.